Kisanduku Kitupu cha Mhunzi

Katika gemu la Lango la Chumvi kila mtu ana kisanduku chake cha maneno. Ukimsogelea mpishi wa ngome ukabonyeza kitufe, kisanduku cheusi kinajitokeza chini ya skrini, na ndani yake maneno meupe: mpishi analalamika kuhusu kuni. Ukimsogelea mlinzi wa lango, analalamika kuhusu mpishi. Ni mji uliozingirwa na adui, watu wamefungiwa ndani ya kuta muda mrefu wakitazamana nyuso, kwa hiyo hawana kingine cha kufanya ila kusemana. Mmoja tu ndiye hana lake. Mhunzi, mwanamke wa mabega mapana mwenye kovu mkononi, ukimsogelea anashusha nyundo, anafungua mdomo, na kisanduku kinakuja kitupu. Cheusi, kisafi, hakina hata nukta. Ukibonyeza tena kinatoweka, naye anarudi kugonga chuma chake.

Watu wa mtaa mmoja waliolicheza gemu hilo, na walikuwa wengi, walielewa jambo moja bila kuambiana: mhunzi ni bubu. Wakamwita Bubu, yakaisha. Waliotengeneza gemu waliona vema kumweka mtu asiyesema katikati ya wasemaji, na kila mtu akawasifu kwa ufundi huo.

Aliyempenda Bubu kuliko wote alikuwa msichana mshonaji ambaye wenzake walimwita Sindano. Alifanya kazi katika chumba cha mama yake mdogo, wakishona sare za shule na mapazia. Sindano hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akija kupimwa alimwangalia anavyosimama, bega lipi limelala na lipi limeinuka, kabla hajagusa utepe. Mama mdogo alikuwa akisema huyu binti anakutazama mpaka unajikagua kama umefunga vifungo.

Sasa, gemu lenyewe liliishia njiani. Sehemu ya pili ilimalizika lango likiwa wazi, adui wanaingia, na hakuna anayesema ni nani aliyelifungua. Sehemu ya tatu ilisubiriwa, ikasubiriwa, haikutoka. Kampuni ilihamia kwenye magemu ya mbio za magari. Basi watu wakaanza kujitungia wenyewe yaliyofuata. Walikuwa waandishi wanne katika kundi moja la simu: Sindano, Kinyozi, Fundi Simu, na Muuguzi, ambaye alikuwa mgeni, amehamishiwa zahanati ya pale majuzi tu. Wasomaji walikuwa wengi kuliko waandishi, na wakali zaidi.

Ukali wao ndio ulioanzisha mambo. Kila mwandishi alikuwa akitunga lake. Kwa Kinyozi mlinzi wa lango alikufa kwa mshale, kwa Fundi Simu mlinzi huyohuyo akafunga ndoa. Msomaji mmoja akaandika kwenye kundi: "Jamani, juzi mmemzika mlinzi, mimi nimelia kazini mpaka bosi kaniuliza nimefiwa na nani. Leo anavishwa pete? Mnatuchezea?" Mwingine akajibu: "Labda ni pacha wake." Wa tatu akasema yeye hasomi tena mpaka waandishi wakubaliane ni nini kilitokea na nini hakikutokea.

Wakakutana kwa Kinyozi, siku ambayo duka hufungwa. Viti vya kunyolea vilikuwa viwili, vikagombaniwa. Wengine wakakaa kwenye benchi la wateja chini ya picha za mitindo ya nywele. Ndipo walipotengeneza kitu walichokiita Shina. Ndani ya Shina yangewekwa mambo yaliyo kweli kwa wote: nani yuko hai, nani ndugu ya nani, lango liko upande gani. Hadithi ikipingana na Shina haichomwi moto, lakini inakwenda kwenye Matawi, na hadithi ya Matawi haisomwi kwenye mkutano wala mwenzako haruhusiwi kujenga juu yake. Inabaki yako, kama jino ulilong'oa.

Swali lilikuwa Shina lijengwe juu ya nini. Kila mmoja alitaka lijengwe juu ya hadithi zake. Walibishana mpaka Sindano, aliyekuwa kimya kwenye benchi, akasema, "Kinachoonekana kwenye gemu ndicho cha kwanza. Tulichoandika sisi kifuate. Vikigongana, cha gemu kinabaki."

Ilikuwa rahisi kiasi kwamba walikubali kabla hawajaona itakavyowauma. Aliyeumwa wa kwanza alikuwa mwenye duka. Kinyozi alikuwa amemtungia mpishi wa ngome binti, msichana jeuri anayepita juu ya mapaa, na wasomaji walimpenda. Sindano akawasha gemu, akamsogelea mpishi, akabonyeza mara kadhaa. Kisanduku kikaandika kwamba mpishi hakujaaliwa mtoto.

"Mwanaume kusema hana mtoto ni ushahidi?" Kinyozi akauliza. "Umewaona wangapi wanasema hivyo, na watoto wanawafuata nyuma wanaomba nauli?"

Watu wakacheka. Sindano naye akatabasamu, lakini hakusogea. "Kisanduku kimesema, kaka."

Binti wa mpishi akaenda kwenye Matawi. Kinyozi hakununa, ila tangu siku ile hakumwita Sindano tena. Alimwita Mheshimiwa Jaji.

Muda ukapita, Shina likanenepa. Hadithi ya Sindano, "Mhunzi Asiyesema", ndiyo iliyokuwa mhimili wake. Ndani yake Bubu, aliyezaliwa bila sauti na kufundishwa na mama yake kuzungumza kwa mikono, anamwona aliyefungua lango. Jemadari anamkamata, anamtesa amwonyeshe mhusika kwa kidole. Bubu anaweka mikono yake nyuma. Hamwonyeshi. Wengine wote walijenga juu ya hapo: kila mmoja alikuwa na mtu wake anayemshuku, na wote walimzunguka yule mwanamke aliyejua na asiyesema. Mama mdogo, ambaye gemu lenyewe hakuwahi kuligusa, alikuwa akisimamisha cherehani sura mpya ikitoka. Alimwombea Bubu kama mtu wa ukoo.

Ndipo Muuguzi alipoletewa zawadi na dada yake anayeishi mbali: Lango la Chumvi halisi, ndani ya boksi lake, halijafunguliwa hata nailoni. Akalileta kwenye mkutano kwa furaha. Katika mtaa ule hakuna aliyewahi kuona boksi. Wote walikuwa na sidii nyeupe zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na zote zilitoka kibandani kwa Fundi Simu.

"Rangi zinang'aa!" Kinyozi akasema lilipowaka kwenye televisheni ya dukani. "Kumbe ukuta ni wa kijani. Mimi miaka yote nimeandika ukuta wa kijivu."

"Huo si ugomvi, tutabadilisha," Sindano akasema.

Muuguzi ndiye aliyeshika padi ya kuchezea. Akampitisha mjumbe, yule mtu ambaye mchezaji humwongoza, sokoni, akamsogeza kwa mhunzi, akabonyeza. Mhunzi akashusha nyundo, akafungua mdomo, na kisanduku kikaja kimejaa. Kilijaa mpaka maneno yakalazimika kupanda juu yenyewe kupisha mengine. Tena alikuwa na sauti, nene kidogo, ya mtu aliyezoea kushindana na makelele ya chuma.

Fundi Simu alikuwa ameinua chupa ya soda. Aliishikilia hapohapo hewani.

"Anasemaje?" Sindano akauliza. Lugha ya gemu ilikuwa ya kigeni; wengine walizoea visanduku vifupi, lakini maneno mengi kama haya ni Muuguzi tu aliyeyaelewa vizuri.

Muuguzi akasoma polepole, akitafsiri. "Anasema: Karibu mteja, angalia guu lako, hapo pana makaa. Unataka kisu au ufunguo? Maana siku hizi ni funguo tu. Juzi mlinzi wa lango kaniletea kipande cha sabuni kimegandamizwa ufunguo wa lango, eti nimchongee wa pili, wa kwanza mke wake kaupoteza. Mke! Huyu mlinzi ana mke? Nikamchongea. Mimi kazi yangu chuma, ndoa za watu hazinihusu."

Kinyozi akakaa chini taratibu kwenye kiti cha kunyolea. "Ni mlinzi," akasema. "Aliyefungua lango ni mlinzi. Na huyu mama anamwambia kila anayepita."

"Sokoni," Muuguzi akasema. "Sura ya kwanza ya gemu."

"Na sisi tumehangaika nayo kutwa kucha kama kesi ya mauaji."

Hapo wote wakageuka kumtazama Fundi Simu, na Fundi Simu akaelewa kwa nini wanamtazama. "Mimi nilinakili nilicholetewa," akasema. "Msinipe mimba isiyo yangu."

"Sidii zote zimetoka mkononi kwako. Maneno yake yamepotelea wapi?"

"Zimepita mkononi kwangu. Kupita si kuzaa."

"Bubu anafanana na wewe," Kinyozi akasema. "Hasa hapa kwenye paji la uso. Mlee mtoto, bwana."

Walicheka sana, kicheko cha watu walioshtuka. Sindano hakucheka. Alikuwa akitazama televisheni, pale mhunzi alipokuwa amesimama akisubiri kubonyezwa tena, anahamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Baada ya kicheko wakarudi kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe lilikuwa baya. Kama mhunzi anasema, basi "Mhunzi Asiyesema" inakwenda kwenye Matawi yote, kuanzia sura ya kwanza, na yote yaliyojengwa juu yake yanayumba. Kama mhunzi ni bubu, basi kanuni ya Shina imevunjwa.

Fundi Simu alitaka Bubu abaki. "Sisi gemu letu ni lile la sidii nyeupe," akasema. "Hilo ndilo tulilocheza, hilo ndilo tulilolilia. Hili la boksi ni la watu wengine. Nani atakuja kutukamata?"

Muuguzi alitaka gemu la boksi. Alisema hivyo huku akimwonea haya Sindano. "Dada, sikuja kuharibu, wallahi. Ila nilipohamia hapa niliwatumia rafiki zangu wa kule nilikotoka ile sura ya jemadari. Wakaniuliza, mhunzi yupi huyo? Nikadhani wananitania. Wameshindwa kusoma, Sindano. Walikuwa wanasubiri aropoke."

"Tutie kiraka," Fundi Simu akasema. "Alikuwa anasema, halafu moshi wa karakana ukamuunguza koo, akawa bubu. Tumemaliza. Nani ana njaa?"

"Haiwezekani," Sindano akasema.

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kama alishasema sokoni, jemadari anamtesa ya nini? Si amuulize muuza mboga?"

Fundi Simu akafikiri, akanywa soda yake.

Ikabaki sauti ya Kinyozi. Yeye alizungusha kiti taratibu mpaka akamwelekea Sindano. Wote walitegemea atalipa kisasi, na pengine mwenyewe alitegemea hivyo.

"Yule binti wa mpishi nilimlea mwenyewe," akasema. "Siku mlipomtoa, kesho yake nilimnyoa mtu upara aliyeomba kupunguzwa. Sasa mimi sipigi kura. Kanuni ni yako, Mheshimiwa. Ukisema ivunjwe, nitavunja pamoja na wewe, na sitasema neno. Ukisema ibaki, ibaki. Lakini useme wewe."

Sindano akanyoosha mkono, akaomba padi.

Alimrudisha mjumbe nyuma mpaka mwanzo wa soko, akamtembeza upya, kana kwamba mara ya kwanza ilikuwa imekosewa. Akamsogelea mhunzi, akabonyeza. "Nitafsirie bila kuongeza," akamwambia Muuguzi. Mhunzi akasema yale ya sabuni. Sindano akabonyeza tena. Mhunzi akasema mpishi anamdai sufuria. Akabonyeza tena. Mhunzi akasema goti linamuuma mvua ikikaribia, na kwamba dada yake aliolewa na mtu mrefu mno, wakalazimika kuongeza kitanda. Kila alipobonyeza, mwanamke yule alikuwa na lingine. Hakuinua macho kutoka kwenye chuma wakati akisema. Mkono wake ulifanya kazi, mdomo ukafanya yake, na havikusubiriana.

Sindano alikuwa akitafuta mahali fulani, hata padogo, ambapo Bubu wake angeweza kusimama. Alitazama kovu, lilikuwa lilelile. Alitazama mabega. Mwanamke yule hakuwa na kitu ambacho angekificha, na kama angekuwa nacho asingefika nacho jioni. Si kwamba alikuwa mbaya. Alikuwa mtu mwingine kabisa aliyevaa mwili wa Bubu.

Na maneno ya Fundi Simu yalikuwa kweli: hakuna ambaye angewakamata. Wangeweza kulirudisha gemu kwenye boksi lake, Muuguzi angenyamaza kwa heshima, na wasomaji wasingejua. Alilifikiria hilo kwa utulivu, bila kujificha. Kilichomkatalia ni binti wa mpishi. Kama kisanduku kilitosha kumtoa yule, na kisitoshe kumtoa huyu, basi haikuwa kanuni. Ilikuwa ni Sindano tu, amemfungia Kinyozi mlango na kujiachia dirisha.

Aliendelea kubonyeza mpaka mhunzi akamaliza mapya akaanza kurudia yale ya sabuni. Hapo akaiweka padi juu ya kaunta, kati ya chanuo na kopo la poda.

"Aende kwenye Matawi," akasema.

"Nani?" Muuguzi akauliza, ingawa alijua.

"Bubu."

Fundi Simu akasema pole, kama anavyosema kwa mteja ambaye simu yake haitawaka tena.

Tangazo aliliandika Sindano mwenyewe, palepale, akalituma kwenye kundi. Lilikuwa fupi: katika gemu halisi mhunzi anasema, kwa hiyo katika Shina mhunzi anasema, aliyefungua lango ni mlinzi, "Mhunzi Asiyesema" iko kwenye Matawi, anayetaka aisome huko. Majibu yakamiminika. Mmoja akasema wamedhulumiwa. Mmoja akauliza kama anaweza kurudishiwa machozi yake. Mmoja, ambaye huwa hasemi kitu, aliandika tu, "Bubu jamani," akaondoka kwenye kundi.

Nyumbani ilikuwa ngumu zaidi. Asubuhi mama mdogo alimsubiri mlangoni mwa chumba cha kushonea na mkasi mkononi.

"Umemuua?"

"Sijamuua, mama. Nimemhamisha."

"Umemhamishia wapi?"

"Kwenye Matawi. Yupo. Unaweza kumsoma wakati wowote."

"Ataendelea?"

Sindano akashika kitambaa, akakikunjua mezani. "Hapana. Sitamwandika tena."

"Basi mtu haendelei, haandikwi, hatembelewi, na wewe unaniambia amehama." Mama mdogo akaanza kukata kola, kwa nguvu kuliko kola inavyohitaji. "Jemadari wa watu kampiga yule mwanamke aseme, hakusema, wewe ndiye umekuja kumaliza."

Hakumsemesha tena mpaka chai, na kwenye chai alimwomba sukari tu. Sindano alishona. Sare za siku ile zilitoka sawasawa, mishono imenyooka, hakuna iliyofumuliwa.

Shida ilikuwa kwamba Shina lilihitaji mhunzi mpya aandikwe, na wenzake walimwachia yeye. Ni haki yake, walisema, na kwa kweli walikuwa wakimwogopa kidogo. Akajaribu. Aliandika akiwa amekaa kwenye ngazi za nyuma wakati wa mapumziko, simu imeegemea goti. Aliandika vizuri, kama kawaida yake: kila neno la mhunzi lilipimwa, likakatwa, likapigwa pasi. Mhunzi alisema jambo moja zito, akanyamaza, akasema lingine zito. Akaituma kwa wale watatu kwanza, wasomaji wasione.

Muuguzi akasema ni nzuri. Fundi Simu akatuma kidole gumba. Kinyozi alikawia, kisha akaandika: "Mheshimiwa, huyu ni Bubu aliyekabwa koo akaambiwa sema."

Sindano akaisoma tena, akaona ni kweli. Mwanamke yule kwenye maandishi yake alikuwa bado ameweka mikono nyuma. Akaifuta yote.

Alikaa kidogo akitazama ua, mahali ambapo mashuka ya jirani yalikuwa yakikauka kwenye kamba. Halafu akaanza upya, na safari hii hakusubiri neno lije vizuri. Lilipokuja lolote alilichukua, na kabla hajalitazama akachukua lililofuata.

"Karibu, ingia, usiogope joto, joto halina meno. Nani kakuelekeza kwangu, yule wa mikeka? Usimwamini, aliniambia mimi mume wangu anakoroma, kajuaje? Kaa. Si hapo, hapo anakaa paka. Unatafuta ufunguo. Kila mtu anatafuta ufunguo, na mji mzima una mlango mmoja, hebu niambie hiyo ni hesabu gani. Mlinzi naye kaja na sabuni yake, nikamwambia baba, sabuni ni ya kuogea, na wewe ndiye ungeanza, akacheka, nikamchongea, sasa sabuni ninayo, nafulia. Unataka kuiona? Imeisha upande mmoja..."

Mama mdogo akamwita ndani, kuna mteja wa mapazia. Sindano akasema anakuja, akaongeza goti linalouma, akaongeza shemeji mrefu na kitanda chake, akaituma bila kuirudia.

Jibu la Kinyozi lilimkuta akiwa amepiga magoti sakafuni, anapima urefu wa pazia la mteja, pini mdomoni. Lilikuwa maneno mawili tu: "Huyu ananichosha."

Akaisoma mara mbili. Akatoa pini mdomoni, akamwomba mteja samahani, akaandika: "Bado hajafika kwenye habari za mpishi."